Njia ya Kibwezi Hadi Kitui, na Jembe Lisilo Letu

Kwa zaidi ya miaka arobaini nyumbani kwetu Mombasa palikuwa na jembe ambalo hatukuruhusiwa kulitumia. Lilikaa nyuma ya mlango wa stoo, limeegemezwa ukutani, na Mama alipofagia alilisogeza upande kisha akalirudisha mahali pake. Aliyetaka kupanda mchicha uani aliambiwa akaazime jembe kwa jirani. Tulipokuwa wadogo tukiuliza sababu, Baba hutujibu neno moja tu: "Hiyo ni amana."

Maelezo kamili tuliyapata mwaka jana, alipotoka hospitali. Alitukusanya sisi watoto wake wanne baada ya sala ya isha, akaanza kuyahesabu madeni yake, kama ilivyo ada ya mtu aliyehisi kwamba safari yake imekaribia. Madeni ya fedha yalikuwa machache, na yote ya hapa hapa mjini. La mwisho likawa jembe. Mwenyewe hakumjua jina. Alichokumbuka ni kwamba nyumba ilikuwa mkono wa kulia, baada ya kuvuka mto Athi na kupanda Yatta, kabla ya kufika Ikutha katika nchi ya Kitui, na kwamba mbele ya nyumba ulisimama mbuyu mkubwa wenye tundu ambalo mtu mzima angeweza kuingia. "Nipelekeni," alisema, "nikiiona nitaijua."

Msomaji kijana huenda akajiuliza fundi wa gereji wa Mombasa alikwenda kutafuta nini Ikutha usiku wa manane, tena katika mvua za masika. Jawabu ni mbio za magari.

Katika nchi nyingi, mbio za magari zina nyumba yake. Waingereza walijenga uwanja wa Brooklands mwaka 1907, njia ya zege iliyoinuliwa kwenye kona kama ukuta wa bakuli. Vita vilipoanza mwaka 1939 mbio zikakoma, na mpaka leo wapo waendao kukitazama kile kilichosalia. Hapa Kenya nako zilikuwepo njia za kuzunguka. Mojawapo ni Langa Langa, upande wa Gilgil katika Bonde la Ufa, ambako walowezi walikuwa wakishindana mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Inasimuliwa kwamba ni kwa sababu ya Langa Langa ndipo Safari ilipozaliwa. Bwana Neil Vincent alimshawishi binamu yake, Eric Cecil, aingie katika mbio za pale. Cecil akamjibu kwamba haoni raha yoyote ya kuzunguka kipande kile kile cha ardhi kama punda wa kinu, bali kama yangeandaliwa mashindano ya kukata nusu ya Afrika na kurudi, mtu akafunga mlango wa gari lake na kuondoka, basi hayo angeyaingia. (Punda wa kinu ni wetu sisi, Mzungu yule hakumtaja.)

Mashindano hayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Mei 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na mwaka 1973 yakawemo katika ubingwa wa dunia wa mbio za magari tangu ubingwa huo ulipoanzishwa. Kuanzia 1974 yakabaki ya Kenya peke yake, nalo jina likawa Safari Rally.

Kanuni yake ilikuwa tofauti na mbio tunazoziona leo katika televisheni. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alipokezana njia na basi la abiria, mkokoteni wa punda, kundi la ng'ombe na mwanamke aliyetoka mtoni na mtungi mgongoni. Palikuwa na vituo vya kuandikiwa saa, na kila dakika ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye mshindi. Kwa miaka mingi mbio zilikimbiwa siku za Pasaka, ambazo aghalabu huangukia mwanzo wa masika, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza saba. Mwaka 1968 waliomaliza pia walikuwa saba. Magari yalifungwa vyuma vizito mbele kwa kuhofia wanyama, na mengine yakawekewa bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya paa, ili injini isizame pamoja na dereva wake.

Kwa hiyo uwanja wa Safari haukuwa na ukuta wala mlango. Uwanja wenyewe ulikuwa njia ya watu kwenda sokoni, na yamkini ndiyo maana ulipopotea hapana aliyeinua kichwa. Brooklands ilipofungwa, palikuwa na kitu cha kufunga. Njia ya Ukambani ilikuwepo kabla ya mbio, ikabaki baada yake, mpaka ilipowekwa lami mahali pengine nayo ikaachwa iote miiba.

Mwaka 1977 ulikuwa mwaka wa mvua nyingi na matope. Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, amejifunza ufundi kwa ami yake, na timu moja ndogo ya watu binafsi ikamwajiri pamoja na mwenzake wawe wasaidizi. Kazi yao ilikuwa kuendesha pikapu iliyojaa matairi, springi na mitungi ya mafuta, na kulitangulia gari la mashindano kwa njia za mkato. Tuseme wazi, maana magazeti hayakupata kuliandika sana: kwa kila gari moja lililopigwa picha, yalikuwepo mengine mawili matatu nyuma ya pazia, yakikimbia usiku kucha bila namba ubavuni wala kikombe mwishoni. Baba na mwenzake walitoka Kibwezi baada ya maghrib ili wawahi upande wa Embu kupitia Kitui. Wakavuka Athi. Walipopanda Yatta, pikapu ikazama hadi kwenye ekseli.

Tuliondoka Mombasa Jumamosi baada ya alfajiri. Jembe lilifungwa kwa gunia likalazwa nyuma ya gari, na katika kizuizi kimoja cha polisi askari akataka kujua ni kitu gani. Baba akamwambia kwamba ni deni. Yule askari alimtazama, akatutazama sisi, akatupungia mkono tuendelee.

Njia ya Mombasa hadi Mtito Andei kila mtu wa pwani anaijua, hatuna haja ya kuieleza. Malori ni yale yale, na subira ndiyo ile ile isiyotosha. Ila ni watu wachache wanaokumbuka kwamba jina la Mtito Andei ni la Kikamba, maana yake msitu wa tai, wale tai wala mizoga. Hapo ndipo mtu anapoingia nchi ya Makueni. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ilipita hapa, na reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ikaifuata ubavuni. Ukiendelea na njia hiyo hiyo utafika mji wa Sultan Hamud, ambao ulipewa jina la Sultani wa Zanzibar, Seyyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala tangu 1896 hadi 1902. Wengi wetu tumeukata mji huo mara mia bila kujiuliza jina la ukoo wa Busaidi lilifikaje kati ya Wakamba na Wamasai.

Hatukufika huko. Lakini tulipita Kibwezi makusudi ili tulale Makindu, kwa kuwa Baba alitaka kulipa ziara ya pili: hekalu la Masingasinga. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926, siku za wafanyakazi wa reli, na mpaka leo msafiri yeyote, awe wa dini yoyote, hupewa chakula na mahali pa kulala bila kutozwa. Mafundi wa Safari walikuwa wakishukia pale wakiwa wamekauka midomo. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, mambo ambayo kwetu si mageni. Na kwa kuwa jikoni mwao hapapikwi nyama, hapakuwa na la kututia shaka. Tukala dengu, chapati na wali. Baba akamwonyesha kijana aliyetugawia chai mahali ambapo, kwa kumbukumbu zake, pikapu yao iliegeshwa. Kijana akaitikia kwa adabu. Joginder Singh alikuwa jina tu kwake.

Kwa wa umri wa Baba hakuwa jina tu. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, akashinda Safari mwaka 1965 kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtaani kwetu dereva wa matatu aliyepita kwa kasi alipigiwa kelele "Joginder!", na haikujulikana kama ni sifa au ni tusi. Baada yake akatamba Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano, nne katika hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hawa walikuwa watu wa huku kwetu, wakiwashinda mabingwa wa Ulaya waliokuja na ndege za kuwaongoza kutoka juu. Wageni walijaribu kwa miaka mingi, na wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Baba hueleza sababu kwa ufupi: mgeni aliijua gari yake, mwenyeji aliyajua matope.

Asubuhi ya Jumapili tulirudi Kibwezi, tukaiacha barabara kuu na kuelekea Kitui.

Tulitarajia vumbi. Tukakuta lami safi, yenye mistari myeupe, inateleza kati ya mashamba ya mkonge na mibuyu iliyotapakaa kama wazee waliochelewa mkutanoni. Njia hii ya Kibwezi, Ikutha, Mutomo hadi Kitui, ambayo Baba aliitumia usiku mzima kwa kilomita chache, sasa mtu huipita huku akinywa soda. Yeye alikuwa amenyamaza. Tulidhani ni uchovu.

Daraja la Athi lilimfanya azungumze. Tuliegesha, tukashuka kutazama maji. Mto huu ndio mpaka wa Makueni na Kitui, na wasomaji wetu wa Malindi wanaujua bila ya kujua kwamba wanaujua: ukiteremka hubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na ndio unaoitia bahari wekundu wakati wa mvua. Udongo uliomzamisha Baba mwaka 1977 ulikuwa, kwa hesabu hiyo, njiani kuja kwetu. Ng'ambo ya mto kuna ukuta mrefu uliolala, bapa juu kama meza. Ni Yatta, mto wa moto wa zamani uliotoka ardhini ukaganda, urefu wake unakaribia kilomita 300, na wanaohusika na elimu ya miamba huuhesabu miongoni mwa mirefu kabisa duniani ya aina yake. Barabara hupanda juu yake. Hapo ndipo.

Hapo, basi, Baba hakuijua.

Tulikwenda polepole, tukarudi, tukaenda tena. Mkono wa kulia palikuwa na mibuyu isiyopungua ishirini. Tulibisha nyumba ya kwanza, wakatuambia walihamia miaka kumi iliyopita. Ya pili, mwanamke alitudhania wachuuzi, akatuuliza jembe ni bei gani. Ya tatu haikuwa na mtu ila mbwa. Jua lilikuwa kali. Baba aliketi ndani ya gari, mlango wazi, miguu nje, akilitazama lile gunia. Na kwa mara ya kwanza tangu aumwe tulimwona akifuta macho. Alisema kwamba huenda anasahau, kwamba huenda ilikuwa mkono wa kushoto, au hakukuwa na mbuyu. Sisi tulitazamana. Mmoja wetu akamkumbusha, kwa upole, kwamba mwenye amana asipopatikana hutolewa sadaka kwa niaba yake. Baba akasema hayo anayajua, naye hajafika huko.

Tulisali adhuhuri na alasiri kwa kupunguza, kivulini, kisha tukaenda hadi soko la Ikutha kuuliza.

Aliyetufaa alikuwa mzee mwenye duka la mchanganyiko. Alimsikiliza Baba mpaka mwisho bila kumkatiza, akatoka nje, akaonyesha kwa bakora yake. Lami, alisema, haikufuata njia ya zamani. Wajenzi walizinyoosha kona. Njia ya siku zile ilikata nyuma ya kile kilima, ikateremka kwenye korongo, ikapanda tena. Na mtu akiifuata lami atatafuta mkono wa kulia wa barabara ambayo haikuwepo. Akamwita kijana wa bodaboda atutangulie.

Njia ya zamani tuliikuta hatua mia tatu kutoka ile mpya. Mahali pengine ilikuwa kijia cha mbuzi. Pengine mvua zimeichimba ikawa mtaro unaofika kiunoni. Katika korongo kilikuwepo kivuko cha saruji, kile cha chini ambacho maji hupita juu yake, kimevunjika katikati, na mshubiri umeota ufani. Baba alisimama juu ya kipande kilichobaki. Akakanyaga kwa kisigino mara mbili, kama mtu anayejaribu tairi. "Hapa," akasema. "Hapa ndipo tulipopitisha gari la pili." Tangu hapo hakutuuliza kitu, alitangulia yeye.

Katika safari hii tuliona mengi, lakini kama kuna mahali ambapo mtu angeweza kusema kwamba ameuona uwanja uliopotea, ni pale: saruji iliyovunjika, mbuzi wawili, na mzee aliyetoka hospitali akipanda ukingo bila kushikwa mkono. Hakuna kibao. Mashindano yenyewe yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ambapo Colin McRae wa Scotland alishinda, na yaliporejea mwaka 2021 makao yake yakawa Naivasha, katika njia zilizofungwa, watazamaji wakiwekwa nyuma ya kamba. Hatusemi kwamba ni vibaya. Waitaliano waliziacha mbio zao za barabarani za Mille Miglia baada ya gari kuwaparamia watazamaji mwaka 1957, wakiwemo watoto, na sisi wenye watoto hatuwezi kuyatamani magari yapite tena mlangoni kwa kasi ile. Ila upo ukweli mmoja unaotukera. Kwa miaka mingi dunia nzima iliisifu barabara ya Ukambani kwa ubaya wake, na ubaya huo huo ndio uliomzuia mama mja mzito kufika hospitali. Sifa zilikwenda Ulaya. Barabara ikangoja lami mpaka majuzi.

Nyumba ilikuwepo. Mbuyu ulikuwa umeanguka, umebaki chungu ya nyuzi za kijivu kama kamba zilizotupwa na jahazi. Kumbe tungeweza kuutafuta mwaka mzima.

Alitupokea mwanamke wa makamo ya bibi, tukamwita Mama, akatutolea viti chini ya mwembe. Baba yake, mwenye jembe, alifariki zamani. Baba yetu alitulia kidogo aliposikia hivyo, akamwombea kheri, kisha akaanza kusimulia: mvua, pikapu, taa ya chemli iliyotoka katika nyumba hii, mzee aliyeshika jembe kwa mkono mmoja na taa kwa mkono wa pili, uji waliopewa. Alisema kwamba alfajiri, gari lilipotoka, walikuwa wamechelewa mno, wakatia vitu ndani haraka haraka, na jembe likaondoka pamoja nao. Waliligundua Mwingi. Waliahidiana kurudi. Kisha kazi, kisha ndoa, kisha mwenzake akafariki, kisha sisi.

Yule mama alisikiliza yote. Akasema, bila ukali, kwamba hamkumbuki.

Hakuwa na jinsi ya kumkumbuka, akaeleza. Alikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, na kila zilipokuja mbio hapakuwa na usingizi nyumbani. Magari yaliyozama hapo hayakuwa moja wala mawili. Baba yake alikuwa akiwatoa ng'ombe wake usiku kuyavuta. Mbuzi walifungwa ndani tangu jioni, na hata hivyo mmoja aligongwa, na aliyemgonga hakusimama. Watoto walichukua vifuniko vya taa vilivyovunjika wakavifanya vikombe vya kuchezea. Na vitu vilikwenda. Akaanza kuvihesabu kwa vidole, kama mtu anayetaja ndugu: kamba ndefu ya ng'ombe, sufuria, ile chemli yenyewe, mwaka mwingine, shuka moja. Jembe hili pia lilikumbukwa, kwa kuwa baba yake aliuza kuku watatu akanunua jingine.

Kisha akamwuliza Baba: "Na wale wengine, nao wanakuja?"

Sisi hatukujua tucheke au tuinamishe vichwa. Baba aliinamisha. Kwa miaka yote ile alikuwa ameliona deni lake kuwa ni lake peke yake, usiku mmoja, mzee mmoja, jembe moja. Nako huku alikuwa mmoja katika foleni. Alipopata sauti alimwomba amhalalishie. Neno hilo halikuwa na maana kwa mwenyeji wetu, ambaye ni Mkristo, ikabidi alifafanue: kwamba anarudisha jembe, na analipia wale kuku watatu, lakini miaka ambayo watu wa nyumba hii walikosa jembe lao haiwezi kurudishwa, na kwa hiyo anaomba asamehewe hiyo.

Yule mama akafikiri. Akasema jambo lililotupendeza sana: kwamba jembe si lake peke yake, ni la baba yao, naye ana kaka Mutomo. Akatoa simu, akampigia, akaiweka sauti nje. Wakazungumza Kikamba kwa muda. Tulisikia kicheko kirefu upande wa pili, kisha mwanamume akaomba apewe "huyo mzee wa Mombasa". Swali lake la kwanza kwa Baba halikuhusu jembe. Alitaka kujua walikuwa wasaidizi wa gari gani, na kama ndilo lile la manjano lililopita limevunjika kioo. Lilikuwa jingine. Hata hivyo waliongea robo saa nzima, wakibishana juu ya kona ipi iliyokuwa mbaya zaidi kati ya mto na Mutomo, na mwisho yule kaka akasema wamesamehe, isipokuwa jembe wanalitaka.

Mjukuu alilifungua gunia. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, mwenye uso wa kutodanganyika. Akaligeuza, akagonga bapa kwa kucha, akaupima mpini kwa mkono.

"Huu mpini si wetu," akasema.

Baba akakiri. Mpini wa asili uliliwa na mchwa, akauondoa akatia wa mkandaa, mti wa mikokoni, ambao mchwa hauwezi. Kijana aliunusa, akauliza mkandaa ni mti gani, na Baba akamweleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika.

Tulikuwa tumechukua tende na halua. Wao walitupa debe la pojo, ambazo wenyewe huziita ndengu na ambazo ndizo hasa hulisha nchi hii mvua zinapokuwa haba, pamoja na chupa ya asali. Kuku walikataa kulipwa. Baba alishikilia, wakashikilia, hatimaye mama akapokea bei ya kuku mmoja, kwa hoja kwamba wale wawili walikuwa wadogo.

Tulifika mjini Kitui magharibi, tukalala. Mji huu una mengi ambayo hatukupata nafasi nayo. Kutoka huku ndiko misafara ya Wakamba ilikoteremka na pembe za ndovu hadi Mombasa, na kiongozi wao maarufu, Kivoi, ndiye aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka hapa. Watu wa pwani na watu wa Kitui wamekopeshana tangu zamani. Asubuhi tulipita karibu na jabali la Nzambani, ambalo husemwa kwamba mtu akilizunguka mara saba, mwanamume huwa mwanamke na mwanamke huwa mwanamume. Hatukulizunguka. Ndugu yetu mdogo alisema afadhali tuwahi nyumbani.

Nyumbani, nyuma ya mlango wa stoo, Mama amekwisha kuweka ufagio mahali pale. Ila Baba hakutulia. Tangu aliporudi amekuwa akizungukia barazani kwa mafundi wenzake wa zamani, wale waliobaki, akiwauliza mmoja mmoja kama hawana nyumbani kwao chemli, sufuria, shuka au kamba iliyotoka Ukambani siku za Safari. Wengi wanamcheka. Mmoja, wa Majengo, alinyamaza siku mbili, kisha akaja na kukiri kamba. Imeshaoza, anasema, lakini ameomba apewe namba ya simu.